Picha ya Mteja si Mali ya Duka

Hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya mtunzi kudhibiti matumizi ya kazi yake, kwa kawaida huwa ya mpiga picha, ilhali haki ya sura, yaani mamlaka ya mtu juu ya matumizi ya taswira yake, hubaki kwa aliyepigwa. Kwa hiyo mfanyabiashara anayechukua picha mtandaoni na kuibandika kwenye bango la saluni huweza kuwakosea watu wawili kwa mpigo mmoja. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa picha za wanafunzi zilizotolewa bila idhini ya wazazi. Kuonekana hadharani si kukubali kutangaza bidhaa. Wafanyabiashara na waombe ridhaa kwa maandishi, wakieleza picha itatumika wapi na kwa muda gani, na aliyedhulumiwa asisite kuwasilisha malalamiko.