Sayansi ni Jasho, Si Bahati

Ipo kasumba iliyoota mizizi miongoni mwa baadhi ya wasomi, kwamba mwanasayansi mashuhuri huzaliwa na akili za ajabu, na kwamba ugunduzi humjia kama embe bivu limwangukialo mpita njia. Kasumba hiyo humpa mvivu kisingizio, na humkatisha tamaa kijana ambaye hata hajajaribu.

Wenye kasumba hiyo na wamtazame Bibi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alipokabidhiwa mjini Beijing, Januari 1969, uongozi wa kikundi cha kutafuta dawa ya malaria, hakuwa na shahada ya udaktari wala hakuwa amesoma ng'ambo. Wakati huo vimelea vya malaria vilikwisha izoea klorokwini, na askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakiangamia kwa ugonjwa huo.

Kikundi chake kilipekua vitabu vya kale na kuwahoji waganga wa jadi. Kilikusanya tiba zaidi ya 2,000, kikachambua 640, kikapima dawa zaidi ya 380 zilizotolewa katika mimea ipatayo 200. Hata qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, ulileta matumaini kisha ukashindwa. Bibi Tu akarudi vitabuni. Katika maandishi ya Ge Hong, ya karne ya nne, aliona kuwa mmea huo ulilowekwa majini na kukamuliwa, wala haukuchemshwa. Akatambua kuwa moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ichemkayo kwa joto dogo. Tarehe 4 Oktoba, 1971, sampuli ya 191 iliviua vimelea vyote katika panya.

Je, hiyo ndiyo bahati? Vyombo vilipokosekana, walitumia mapipa ya maji ya nyumbani, na mvuke wa etha ukawadhuru. Mwaka 1972 Bibi Tu na wenzake wawili waliinywa dawa hiyo wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Aliporejea kutoka kisiwa cha Hainan, alikopelekwa kikazi, bintiye mkubwa alijificha nyuma ya mwalimu wake. Mdogo, aliyelelewa na babu na bibi, hakumtambua kabisa mama yake. Na matokeo yalipochapishwa mwaka 1977, hayakutaja jina la mtafiti hata mmoja.

Mzazi wa Kitanzania ampaye mwanawe dawa mseto ya malaria anavuna matunda ya jasho hilo. Basi, wale wanaozibeza dawa za jadi bila kuzipima, na wale wanaokaa bure kwa madai kwamba maabara haina vyombo, hawana hoja. Wanaoililia sifa kabla ya kazi nao wajiulize wangedumu hadi sampuli ya ngapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.