Janti za mbio hazikufanywa kwa mawe ya Lac Vert

Kuna mtindo unaingia katika magari ya watoto wetu, na naona tuuongee waziwazi mbele ya mtu kuumia. Kijana anapata Toyota ya okazioni, mara nyingi kwa makuta ambayo baba ao kaka yake ametoa shimoni kule Masisi. Gari inafika Lac Vert ikiwa na janti zake za chuma, nyeusi, zenye kutu kidogo. Mwezi hauishi, amezitoa. Anatafuta janti alu nyepesi za mashindano na mipira yenye ukuta mfupi. Ukimuuliza anajibu: "Muzee, hii iko ya course, iko mwepesi, gari inaruka!"

Tumpe kwanza haki yake, juu kuhusu uzito anasema kweli. Kilo moja ya gurudumu inachosha injini kuliko kilo moja uliyoweka ndani ya gari, kwani injini inapaswa kuisukuma mbele na tena kuizungusha. Janti ya chuma ya inchi 15 inafika karibu kilo 8 ao 9. Ile ya mbele ya gari ya mashindano inaweza kushuka hadi karibu kilo 5. Gari inaondoka haraka, freni inashika vizuri zaidi. Hakuna uongo hapo.

Lakini angalia janti hiyo ilizaliwa wapi. Mashindano yale Wamarekani wanayaita drag, na shirika lao, NHRA, lilianzishwa California mwaka 1951. Magari mawili yanasimama bega kwa bega, taa inawaka, yanakimbia mita 402, basi. Kona hakuna. Lami imefagiwa na kumwagiwa gundi ili mipira ishike. Janti ya mbele inaweza kuwa na upana wa inchi 3 na nusu tu, juu kazi yake ni kubeba pua ya gari kwa sekunde chache. Watengenezaji wengine wanaandika wenyewe kwamba ni ya mashindano, si ya barabara. Hapa Lac Vert, mita 402 zilizofagiwa utazikuta wapi?

Kutoka Goma mpaka Sake ni kama kilomita 25. Ukiacha lami na kuingia avenue za ndani, gari inatembea juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo kila mtu anayajua: yanakata kiatu, yanakata mpira. Mpira wa 195/65 kwenye janti ya inchi 15 una ukuta wa karibu sentimita 13 kati ya jiwe na janti. Weka 225/40 kwenye inchi 18: kimo cha gurudumu ni karibu kilekile, lakini ukuta umebaki sentimita 9. Zile sentimita 4 zilizopotea ndizo zilikuwa zinapokea shimo. Sasa shimo linapokelewa na janti, kisha amotisa, kisha mgongo wa mama aliyekaa nyuma na mtoto.

Janti ya chuma ikigongwa inakunjika. Unaipeleka kwa kwado, anaipiga nyundo, unaendelea na safari. Alumini iliyomiminwa haina huruma hiyo, inapasuka, na mara nyingi ufa unaanza upande wa ndani ambako dereva haangalii. Wachimbaji wanaelewa hili kuliko mimi. Hakuna anayechagua baramini kwa sababu ni nyepesi na inang'aa. Anataka ile ambayo haitamvunjikia mkononi.

Wengine wataniambia: "Mbona Safari Rally banaweka alu?" Wanaweka, tena nzuri sana. Lakini tazameni kipimo. Mbio hiyo ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Kenya, na magari yake ya vumbi na mawe yanavaa janti za inchi 15 na mpira mnene. Inchi 18 ni za rally za lami. Watu wenye pesa na wahandisi wao, wakifika kwenye mawe ya Afrika, wanashuka kwenye janti ndogo. Kijana wetu anapanda.

Tena gari yao inabeba watu wawili. Ya kwetu je? Tuhesabu Noah ya Sake. Tupu ni kama kilo 1500. Weka watu 10 wa kilo 60, ni 600. Weka makala, fufu na mizigo mingine, kilo 200. Tuko kwenye 2300, karibu 575 kwa kila gurudumu, na shimo bado hatujalikuta. Janti nyingi nzuri zimeandikwa kwa ndani zinabeba kilo ngapi. Za Japani zina herufi JWL. Ukikuta haina maandishi yoyote, mwulize muuzaji, awe Birere ao wapi, inabeba kilo ngapi. Akijibu "haina shida", mrudishie.

Halafu kuna matundu ya bulo. Vitz ina matundu manne kwenye duara la milimita 100, Noah na RAV4 matano kwenye milimita 114,3. Kuna mafundi wanaotoboa upya ili janti ya gari ingine iingie. Hiyo ni kucheza na roho za watu, sitafuti neno la upole. Ekru nazo hazifanani: za janti ya chuma zina mdomo wa koni, lakini janti alu nyingi za Toyota zinataka ekru yenye shingo na rondela bapa. Ukichanganya, utaona imekaza, kumbe inashika kidogo tu.

Na pesa ni ya nani? Mchimbaji wa mkono hana pensheni. Gari hiyo ndiyo pensheni yake. Ikilala garaji siku tatu kwa janti iliyopasuka, siku tatu hakuna versement, na shule haingojei minerval. Kwa makuta ya janti za mbio, afadhali mipira mipya na plaketi za freni. Anayetaka urembo apake rangi kwenye chuma, inapendeza vilevile. Aliyekwisha kuzifunga azioshe kwa ndani, atafute ufa kwa tochi, na akaze ekru tena baada ya kilomita 50.

Na wewe mama unayepanda pale Lac Vert kwenda soko la Sake, ukiona mpira wa nyuma umebana kama mkanda na ekru nne mahali pa tano, ngojea gari ingine.