Kula Manila kwa Kufuata Maneno

Mtu anayetafuta mahali pa kula mjini Manila siku hizi hupewa kwanza orodha ya nyota. Mwaka 2025 wakaguzi wa Michelin walitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wao kuhusu mji huo, na mikahawa kadhaa, ikiwemo Toyo Eatery na Hapag, ikatunukiwa nyota. Ni heshima kubwa kwa wapishi wa Ufilipino, ambao chakula chao kilikaa muda mrefu nyuma ya kile cha Wathai na Wavietinamu katika macho ya wageni. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba nyota zinapaswa kuja baada ya kiongozi mwingine, yaani lugha ya Kitagalogi yenyewe. Majina ya vyakula na ya mahali pa kulia yanamweleza mgeni aende wapi, aombe nini, hata alipe kwa namna gani. Aliyefundishwa kuchambua maneno ana haki ya kuyasoma majina hayo kabla ya mtalii. Ndiyo sababu nathubutu kuleta mikahawa ya Manila katika jarida la kitivo cha lugha.

Manila ninayoizungumzia ni mkusanyiko wa miji 16 na mji mdogo mmoja, wenye watu zaidi ya milioni 13. Wengi wamehamia huko kutoka visiwa mbalimbali pamoja na vyungu vyao na lugha zao, katika nchi yenye lugha zaidi ya 170. Sisi wa Kongo hatuhitaji maelezo marefu kuhusu hali ya namna hiyo.

Mgeni aanzie kwenye turo-turo. Hilo ni jina la mkahawa wa kawaida kabisa, unaoitwa pia karinderya, ambapo mboga na nyama zilizokwisha kupikwa huwekwa mezani katika sufuria au nyuma ya kioo. Mteja hasomi karatasi yoyote ya vyakula: anaonyesha kwa kidole anachotaka, anawekewa wali, analipa na kukaa. Mzizi turo maana yake ni kuonyesha kwa kidole, na kurudiwa kwake kunataja kitendo kinachofanyika tena na tena, kama sisi tunavyosema pigapiga au chekacheka. Mzizi huohuo ndio unaotoa kitenzi magturo, kufundisha. Kiswahili nacho kina jambo la karibu: tunamwelekeza mpita njia kwa mkono, na mwalimu humwelekeza mwanafunzi katika kazi yake ya mwisho. Asiyejua hata neno moja la Kitagalogi anaweza kula kwenye turo-turo, na akitoka hapo atakuwa amejifunza maneno matano.

Maneno hayo matano yatamfaa, kwa sababu mengi yana sarufi moja. Kitagalogi huingiza kiambishi -in- ndani ya mzizi, baada ya konsonanti ya kwanza, ili kutaja kitu kilichotendewa jambo fulani. Gata ni tui la nazi, na ginataan ni chochote kilichopikwa kwa tui. Sangag ni kukaanga wali, na sinangag ni wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu. Mzizi ukianza na irabu, kiambishi hukaa mbele: ihaw ni kuchoma juu ya makaa, inihaw ni kilichochomwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeweza kutenganisha viambishi vya “kilichochomwa” atakisoma kibao cha mkahawa wa Manila baada ya nusu saa ya mazoezi. Faida yake si ya darasani tu. Sinigang, mchuzi mchachu unaopendwa na karibu kila mtu, hutaja kwanza namna ya kupika, kisha kinachopikwa: sinigang na hipon ni wa kamba, sinigang na baboy ni wa nguruwe. Mwislamu anayesoma tafsiri ya Kiingereza isemayo “mchuzi wa ukwaju” tu hajapewa habari anayoihitaji kuliko zote.

Ukwaju wenyewe huitwa sampalok, na mtaa wa Sampaloc umechukua jina lake hapo. Humo kimo Chuo Kikuu cha Santo Tomas, kilichoanzishwa mwaka 1611, na kandokando yake vyuo vingine vingi. Palipo na wanafunzi hapakosi chakula cha bei ndogo, kwa hiyo Sampaloc na mitaa iliyo jirani ni mahali pema pa kutafuta chakula cha asubuhi. Hapo mgeni atakutana na tapsilog, neno lililounganishwa kutoka tapa (nyama ya ng'ombe iliyokolezwa na kukaushwa), sinangag na itlog, yaani yai. Kipande -silog kimeshakuwa kama kiambishi tamati: ukiweka soseji ya longganisa unapata longsilog, ukiweka samaki wa bangus unapata bangsilog. Tunaofundishwa kwamba maneno mapya huzaliwa kwa kuunganishwa na kufupishwa tungepata mfano mzuri katika sahani hiyo, tena bado una moto.

Kwa chakula cha mchana ningemtuma mgeni Binondo, mtaa wa Wachina ulioanzishwa mwaka 1594. Huko lugha inayoongoza njia ni Kihokkien. Pansit, jina la tambi za kila aina, huelezwa kuwa limetoka katika maneno ya Kihokkien yenye maana ya chakula kinachoandaliwa bila taabu. Lumpia, toyo (mchuzi wa soya) na tokwa (jibini ya soya) yamepita njia hiyohiyo. Kumbe mkahawa wenye nyota wa Toyo Eatery umejiita kwa neno lililoingia nchini pamoja na wafanyabiashara wa Kichina. Isitoshe, moja ya barabara za Binondo ina jina la Tomas Pinpin, mchapishaji Mtagalogi ambaye mwaka 1610 alitoa kitabu cha kuwafundisha Watagalogi wenzake Kihispania. Sijui mji mwingine ambapo mtu anakula tambi katika barabara ya mtunzi wa kitabu cha sarufi.

Kutoka Binondo hadi Quiapo si mbali. Kuzunguka Msikiti wa Dhahabu, uliojengwa mwaka 1976, Waislamu waliotoka Mindanao, hasa Wamaranao, wanauza vyakula vyao. Neno la kuuliza hapo ni palapa, kiungo cha Wamaranao kinachotengenezwa kwa tangawizi, pilipili na aina ya kitunguu kiitwacho sakurab. Mtu asiyelijua neno hilo atapita akidhani kwamba chakula cha Kifilipino ni kile cha Wakristo wa nyanda za chini peke yake. Jioni, anayependa samaki aende kwenye dampa za Pasay, karibu na bahari. Huko unanunua samaki sokoni kwanza, kisha unampelekea mpishi na kumlipa kwa kazi yake. Mpango huo huitwa paluto. Luto ni kupika, na pa- inafanya kazi ya -ish- yetu, kwa hiyo paluto ni kupikisha. Anayeelewa neno anaelewa pia kwamba atalipa mara mbili, wala hatagombana na mtu.

Kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza ni kwamba neno halionyeshi kama mafuta yamekaangiwa mara kumi au kama mpishi amenawa mikono. Nakubali. Kwa jambo hilo nitaamini foleni ya wafanyakazi wa jirani kuliko kamusi, na nitawaamini pia wakaguzi wa Michelin, ambao huorodhesha mikahawa ya bei nafuu pamoja na ile ya gharama. Ya pili ni kwamba lugha ya chakula hudanganya. Nayo ni kweli, na mfano mkubwa ni adobo, nyama iliyopikwa kwa siki na kitunguu saumu, ambayo wengi huiita chakula cha taifa. Mwaka 1613 mtawa Mhispania, Pedro de San Buenaventura, alichapisha kamusi ya Kitagalogi. Alipokuta watu wakipika kwa siki, aliandika kwa Kihispania kwamba hiyo ni “adobo ya wenyeji”. Upishi ulikuwa wa wenyeji. Jina lilitoka kwake, na likabaki. Leo Mfilipino hulazimika kueleza kwa wageni kwamba adobo yake haikuletwa na Hispania. Ndivyo inavyokuwa pale anayeandika kwanza anapokuwa mtu wa nje.

Wafilipino walilijibu jambo hilo kwa vitendo na kwa kalamu. Mwaka 1936 Engracia Cruz-Reyes alianzisha mkahawa wa Aristocrat, ambao hadi leo uko kando ya Roxas Boulevard, akawaandalia watu vyakula vya nyumbani wakati ambapo mkahawa wa heshima ulitarajiwa kutoa vyakula vya kigeni. Kwa upande wa kalamu, jina la kukumbuka ni Doreen Fernandez, aliyefariki mwaka 2002. Alikuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila na mtafiti wa tamthilia. Pamoja na kazi hiyo aliandika magazetini kuhusu mikahawa, masoko na wauzaji wa barabarani, akachapisha Sarap mwaka 1988 pamoja na Edilberto Alegre, kisha Tikim mwaka 1994. Sarap ni utamu. Tikim ni kuonja. Wasomi wengi wa chakula cha Ufilipino leo wanaanzia kwake. Alitoka katika kitivo kama chetu, na njia yake ilikuwa ile tunayofundishwa: kusikiliza mzungumzaji, kuandika neno jinsi linavyosemwa, kuuliza linatoka wapi na nani analitumia.

Hapo ndipo suala linatufikia. Lubumbashi nayo ina lugha yake ya chakula. Tunasema bukari na mboga yake, michopo, chikanda, munkoyo, na kila jina lina historia ya wafanyakazi wa migodi, ya vijiji walikotoka na ya lugha zilizokutana kambini. Je, ni kazi ngapi za mwisho katika kitivo chetu zimeyachagua maneno hayo kuwa mada? Mwanafunzi akipendekeza fonolojia ya lugha fulani anasikilizwa. Akipendekeza majina ya vyakula vya soko, watu wanacheka kwanza, kana kwamba msamiati unaoingia mdomoni kila siku una thamani ndogo kuliko ule wa vitabuni. Wakati huohuo mji unakua, mama wanaouza wanazeeka, na siku moja mgeni atakuja kuandika mwongozo wa kula Lubumbashi kwa lugha yake, akiyapa mapishi yetu majina yatakayomrahisishia yeye.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji fedha. Walimu wakubali mada hizo katika kazi za mwisho. Kila mwaka kundi moja la wanafunzi lichukue soko moja, liandike majina yote ya vyakula vinavyouzwa humo, namna vinavyopikwa, lugha ya asili ya kila jina, na mahali hasa pa kuvipata. Baada ya miaka mitano tutakuwa na kamusi ndogo ambayo pia itamwelekeza mwenye njaa. Aandaye kamusi hiyo atajua mahali pa kula, na yule atakayefika Manila siku moja hatasimama mbele ya turo-turo akisubiri kuletewa karatasi ya vyakula.