Tupeni nakala ghafi

Programu ya amri inayonakili diski nzima halafu ikatoa fomati yake peke yake, mimi naona haijaisha. Iongezwe chaguo la nakala ghafi, baiti kwa baiti.

Najua mtanijibu nini. Diski ya GB 500 yenye data ya GB 40 hutoa faili ghafi la GB 500, wakati qcow2 hubeba sehemu zilizoandikwa tu. Kwa bando zetu hizi, jamani, hiyo si hoja ndogo.

Lakini chukueni maabara ya sekondari Kibaha au Kisarawe, kompyuta za msaada, kila moja na umri wake. Mwalimu mwenye faili ghafi analiandika kwenye diski nyingine kwa dd, amri iliyopo kwenye Unix tangu miaka ya 1970, mradi diski isiwe ndogo. Mwenye fomati ya programu moja aanze kuitafuta programu hiyo, tena toleo lake, na kazi za wanafunzi ziko humo ndani zinamsubiri.

qemu-img inalo chaguo hilo: -O raw. Fomati ya kubana ibaki, siigombi. Wa mwaka wa mwisho mnaohangaika na mradi, anzeni hapo. Sehemu tupu zirukwe wakati wa kuandika, faili lisile nafasi yote.