Lugha ya Nyumbani Isiwe Kosa Darasani

Walimu wengi huingia darasa la kwanza na amri moja: hapa ni Kiswahili tu. Twaona kwamba amri hiyo, ijapokuwa ina nia njema, humziba mtoto mdomo kabla hajafundishwa kuufungua.

Tuchukue mfano wa darasa la Babati, ambamo watoto wa Kirangi, wa Kiiraqw na wa Kidatooga huweza kukaa pamoja. Lugha ya Kirangi humsaidia mtoto kukisia maneno mengi ya Kiswahili, kwa kuwa zote mbili ni za Kibantu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na Kidatooga ni ya Kiniloti. Wasemaji wake hawana msaada huo. Wakinyamaza, mwalimu asiwahesabu wajinga.

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, nacho kimetuunganisha. Hatusemi kiachwe. Twashauri kwamba katika somo la hesabu, mwalimu aulize swali kwa Kiswahili huku akionyesha vijiti. Wenye lugha moja wajadiliane kwa dakika chache. Kisha mmoja wao ajibu kwa Kiswahili, na darasa zima lirudie sentensi sahihi. Mwalimu halazimiki kuzijua lugha zote hizo: jibu na vijiti vitamwonyesha kama wameelewa.

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya namna hiyo na aanze kwa kusikiliza. Fimbo yaweza kunyamazisha Kiiraqw. Kufundisha Kiswahili haiwezi.