Baba na mwana katika darasa moja la mtandaoni

Wahadhiri wengi wanaofundisha mtandaoni huingia darasani na imani moja ambayo haijawahi kuwasaidia: kwamba kijana anaijua kompyuta na mtu mzima haijui. Matokeo yake kijana haelekezwi kitu, na mtu mzima anaelekezwa kama mtoto. Wote wawili wanaumia.

Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 2001, pale Mmarekani Marc Prensky alipowagawa watu mafungu mawili, waliozaliwa ndani ya teknolojia ya dijitali na waliohamia humo ukubwani. Mgawanyo ule ulipendwa kwa kuwa ni rahisi kukumbukwa. Lakini mwaka 2017 Paul Kirschner na Pedro De Bruyckere walipitia tafiti zilizokuwapo wakaonyesha kwamba hakuna ushahidi wa kizazi kizima kilichozaliwa na ujuzi wa kujisomea kwa teknolojia. Kijana anayehariri video ya TikTok akiwa kwenye daladala anaweza kukwama kupandisha kazi yake kwenye mfumo wa masomo wa Moodle, huku mhasibu wa miaka 50, aliyeshinda na kompyuta ofisini tangu ujanani, akiipandisha kabla ya siku ya mwisho.

Tofauti ya vizazi ipo, tena kubwa, ila iko kwingine: katika namna ya kusemezana.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianzishwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia wakaenda kukaa bwenini. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, makao yakiwa Konza. Katika vyuo vya namna hii mhitimu wa kidato cha sita anasoma somo moja na muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi au askari mwenye umri wa mzazi wake. Mhadhiri mwenyewe huenda ana miaka 32.

Tuchungulie kikundi cha WhatsApp cha darasa kama hilo. Mama wa miaka 54 anaandika: "Habari za jioni mwalimu. Natumaini u mzima na familia haijambo. Samahani kwa usumbufu, najua una majukumu mengi." Swali lenyewe linafika mstari wa tano. Dakika mbili baadaye kijana anaandika: "Mwl ile kazi mwisho lini?" Wameuliza jambo moja. Mhadhiri aliyechoka atamwona mama kuwa anapoteza muda na kijana kuwa hana adabu, na kumbe hakuna aliyekosea. Mama amelelewa kwamba haja haitangulii salamu, na kijana amezoea kuwa ujumbe mfupi ni kumhurumia anayeusoma. Mhadhiri akimjibu kila mmoja kwa picha ya dole gumba, mama atajua limekwisha, na kijana anaweza kujiuliza kama mwalimu amemkasirikia.

Kisha kuna shikamoo. Darasani ana kwa ana jambo hili humalizwa mlangoni, kwa macho na kuinamisha kichwa kidogo. Kwenye Zoom, mbele ya watu arobaini wanaosikiliza, mhadhiri kijana anasita: amwamkie mwanafunzi wake mkubwa, au cheo chake kimemwondolea deni hilo? Amwamkie. Heshima ya umri haimpunguzii mamlaka ya kusahihisha kazi ya mtu huyo kesho yake. Ila kumwita "mzee" au "bibi" kila anaponyoosha mkono ni jambo jingine, maana wapo wanaojisikia kutengwa na wenzao. Njia salama ni kuwauliza wote siku ya kwanza wanapenda waitweje.

Ukimya nao husomwa vibaya. Mtu mzima anaponyamaza, mara nyingi anaogopa kukosea mbele ya wenye umri wa watoto wake, na aibu hiyo ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Kijana akizima kamera na maiki, huenda anabana bando, au yuko chumba kimoja na wenzake wanne. Kumshtukiza yeyote kati yao kwa jina na kumdai jibu papo hapo kunawafukuza wote. Swali likitumwa mapema, hata jioni iliyotangulia, mama anapata nafasi ya kujiandaa na kijana anajibu kwa maandishi bila kumaliza bando.

Tanzania haianzi leo kufundisha watu wa rika zote kwa mbali. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na takriban watu milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Redio haikuachiwa kazi peke yake. Vikundi vilikuwa na viongozi waliopewa mafunzo, vijitabu vilichapishwa, na baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ujumbe mmoja ulipita masikioni, machoni na kinywani mwa mtu wanayemfahamu. Darasa la mtandaoni linahitaji hivyo hivyo: tangazo muhimu liandikwe kwa sentensi chache, lisemwe kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja, na libaki Moodle mahali ambapo kila mtu anajua pa kulikuta. Hapo watafaidika hata kijana anayefanya kazi zamu ya usiku na mzee ambaye macho yake yamechoshwa na skrini ya simu.

Wapo wanaoshauri kila mtu mzima apewe kijana wa kumsaidia. Ushauri huo una hatari. Kijana akigeuzwa fundi wa kumpandishia mwenzake kazi, mmoja hajifunzi na mwingine anachoka. Wapangwe pamoja kwenye kazi inayowahitaji wote: muuguzi alete kisa cha wodini, kijana atafute maandiko ya kukichambua, kisha kila mmoja apandishe sehemu yake mwenyewe.

Vyuo vinavyotangaza kozi za mtandaoni viwape wahadhiri wiki ya kwanza ya muhula kwa kazi hii ya kuwaweka vizazi pamoja, na viihesabu kuwa sehemu ya ufundishaji. Na mhadhiri aandike ukurasa mmoja wa makubaliano: maswali yaulizwe wapi, yatajibiwa ndani ya saa ngapi, usiku mwisho wa kutuma ujumbe ni saa ngapi, na kwamba salamu ndefu na swali fupi vyote vinapokewa. Ukurasa huo usomwe kwa sauti mbele ya darasa zima kabla ya somo la kwanza.