Mdhamini Wako ni Nani?

Ndugu wananchi, tuulizane jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulifikiria. Ikitokea jioni ya leo mwanao, mumeo au kijana anayeendesha bodaboda yako amepelekwa kituo cha polisi, nani atakwenda kumdhamini?

Hatutakiani mabaya. Ugomvi kwenye sherehe, ajali barabarani, kutuhumiwa wizi kazini: mambo haya humfika yeyote. Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Dhamana imesimama juu ya msingi huo. Aliyeipata hajafutiwa kesi. Ameruhusiwa kuingojea akiwa nyumbani, huku akiendelea kutafuta riziki.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Isipowezekana ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana, mradi kosa si zito. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Lakini je, mengi ya mtaani kwetu si madogo kuliko hayo?

Basi kwa nini mtu wa kosa dogo hulala mahabusu hata usiku wa pili? Mara nyingi nyumbani hawakujua la kufanya, na saa za kwanza zikaishia katika kuulizana na kukopa fedha. Fedha za nini, ndugu zangu? Dhamana ya polisi ni bure. Kinachotakiwa kwanza ni mtu.

Mtu gani? Mwenye makazi yanayojulikana, mwenye kitambulisho kama kile cha taifa cha NIDA, na mara nyingi mwenye barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Barua yenyewe ni karatasi moja: jina la mdhamini, mahali anapoishi, picha yake ndogo, saini ya mwenyekiti au mtendaji, na mhuri uliogongwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Mhuri huo ndio watu wanaouhangaikia Ijumaa jioni, ofisi ikiwa imefungwa na mtendaji hapatikani.

Tuanzie nyumbani. Kaeni jioni moja mkubaliane nani na nani watasimama kama wadhamini wa familia. Vitambulisho vyao viko wapi? Nakala zake na picha mbili tatu ziwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Namba ya mwenyekiti iwe katika simu ya zaidi ya mtu mmoja. Na kila mtoto aijue kwa kichwa namba ya mzazi, maana anayeingia mahabusu huacha simu yake kaunta.

Siku ikifika, nenda kituoni kwa utulivu. Salimia, jitambulishe, kisha uliza mambo matatu: aliyekamatwa anatuhumiwa kosa gani, mpelelezi wake ni nani, na masharti ya dhamana ni yapi. Soma kabla ya kutia saini. Kama hajafika miaka 18, sema mapema, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina utaratibu wake kwa watoto.

Shauri likifika mahakamani, hakimu ndiye atakayepanga masharti. Akiagiza fedha iwekwe, ilipwe kwa utaratibu wa mahakama na stakabadhi itunzwe vizuri. Anayekufuata nje ya jengo akikuahidi mdhamini wa kukodi, mshukuru na uendelee na safari yako.

Na kazini je? Mwajiri, mfanyakazi wako asipoonekana siku mbili, umetuma mtu kumuulizia? Barua yako inayothibitisha kwamba ni mfanyakazi wako inaweza kuwa msaada mkubwa. Mwenyekiti wa mtaa, wananchi wajue wakupate wapi Jumamosi na Jumapili. Nawe askari wetu wa kaunta, mtajie mama aliyekuja kumdhamini mwanawe masharti yote kwa mara moja, ili nauli yake ya kurudi nyumbani na kuja tena itoshe.

Wewe uliyeibiwa au kupigwa, ukimwona mtuhumiwa mtaani usivunjike moyo. Kesi yako ipo palepale. Endelea kushirikiana na mpelelezi, na siku ya ushahidi ufike.

Nawe uliyedhaminiwa, mkumbuke aliyekusimamia. Ukitoroka, yeye anaweza kudaiwa kiasi alichokisainia. Andika tarehe ya kuripoti ukutani, na mdhamini akupigie jioni ya kabla yake. Ukifika kila unapoitwa, jirani huyo hataogopa kumsimamia mwingine kesho.

Asiye na ndugu karibu je? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao huhudumia wasio na uwezo bila malipo. Uliza ofisi ya halmashauri yako wanapatikana wapi, kisha mwambie na mpangaji mwenzako.

Ndugu zangu, hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji utajiri. Wiki hii, kabla ya Ijumaa, toa nakala ya kitambulisho chako, piga picha ndogo, hifadhi namba ya mwenyekiti. Kisha mwendee jirani mmoja unayeaminiana naye, mwombe awe mdhamini wako, na umwahidi kwamba nawe utakuwa wake.